Ukurasa wa Tisa na Cheti cha Bibi

"Ukurasa wa kwanza?" anauliza mwenyekiti bila kuinua macho. Ni kikao cha baraza la madiwani, na muhtasari wa kikao kilichopita unathibitishwa. Kimya. "Wa pili? Wa tatu?" Karatasi zinafunuliwa ukumbi mzima kwa mpigo mmoja, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Wa nne. Wa tano. Nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki tunakokaa sisi wananchi, mzee jirani yangu ameshasinzia. Wa sita, wa saba, wa nane.

Kwenye ukurasa wa tisa diwani mmoja, mama wa makamo kutoka kata ya juu milimani, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, aya ya pili. Pameandikwa baraza lilishauri boma la zahanati likamilishwe. Hatukushauri. Tuliagiza." Mwenyekiti akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akamgeukia anayeandika muhtasari, pakawa na kunong'onezana kidogo. "Isomeke liliagiza," akasema mwenyekiti. "Ukurasa wa kumi?"

Hata dakika moja haikuisha. Baadaye, kabla ya chai, ulifika wakati wa pongezi, na hapo ukumbi uliamka: vigelegele, picha, vitenge, vyeti vilivyotiwa fremu. Shughuli ilikaribia saa nzima. Tulipotoka nje, mazungumzo yalikuwa ya vyeti tu. Ukurasa wa tisa hakuna aliyeutaja, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa habari ya siku ile.

Sitaitaja halmashauri yenyewe. Ni mojawapo ya hizi za huku Nyanda za Juu Kusini, na utaratibu wake ni ule ule wa nyingine. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba (Wilaya ya Rungwe peke yake inazo mbili, ya Rungwe pale Tukuyu na ya Busokelo kule Lwangwa), Iringa tano, Njombe sita. Tanzania Bara nzima ziko 184, na kila baada ya miezi mitatu kila moja huketi kikao cha kawaida cha baraza la madiwani. Ukiwa na asubuhi moja ya nafasi, unaruhusiwa kuingia na kukaa kimya nyuma. Wengi hawajui hilo. Na wanaoingia mara ya kwanza hutoka na kichwa kizito, kwa sababu kinachopigiwa makofi na kinachoamuliwa ni vitu viwili, na vyote vinasemwa kwa sauti ile ile ya "mheshimiwa mwenyekiti".

Tuanze na watu waliomo ukumbini. Wanaovaa joho ndio wenye nyumba: madiwani waliochaguliwa na kata, madiwani wa viti maalum, na mbunge wa jimbo, ambaye naye ni mjumbe, ingawa kiti chake huwa kitupu Bunge linapoketi Dodoma. Wao ndio wanaopiga kura. Mwenyekiti (kwa jiji au manispaa, meya) huchaguliwa na madiwani wenzake. Pembeni yake anaketi mkurugenzi mtendaji, aliyeteuliwa na Rais, na kwenye kikao hiki kazi yake ni ukatibu. Anatoa taarifa, anajibu, anaandikiwa maagizo. Hapigi kura. Wakuu wa idara wanaojaza safu za pembeni na makabrasha mapajani hawapigi pia.

Mkuu wa wilaya, ambaye kila mtu husimama anapoingia, si mjumbe wa baraza. Hupewa nafasi ya kutoa salamu za serikali, na salamu hizo mara nyingine huwa ndefu kuliko ajenda. Meneja wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), wa RUWASA (wakala wa maji vijijini), mtu wa TANESCO na wa TAKUKURU, wote hao ni waalikwa. Hapa ndipo mwananchi anapochanganyikiwa zaidi, kwa hiyo tusimame kidogo.

Zamani barabara ya kijijini ilikuwa ya halmashauri. Tangu mwaka 2017 ni ya TARURA. Maji ya vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA. Wakala hao wana mameneja wao na bajeti zao, na bajeti hizo si za baraza. Basi diwani anaposimama na kufoka kwamba lori la viazi limekwama siku tatu, makofi yakalia, meneja akajibu kwamba "tumelipokea na tunalifanyia kazi", ujue kwamba kikao hakikuamua kitu. Kimepeleka kilio. Kilio nacho kina kazi yake, maana meneja hapendi kusemwa mbele ya mkuu wa wilaya. Ila diwani hawezi kunyanyua shilingi kutoka fungu moja la TARURA akaiweka kwenye daraja la kwao. Shilingi anayoweza kuigusa ni ile ya mapato ya ndani: ushuru wa mazao, leseni za biashara, ushuru wa huduma, mazao ya misitu. Rungwe hapo utasikia chai na parachichi, Kyela kakao, Mbarali mpunga, Mufindi mbao. Huko ndiko meno ya baraza yaliko.

Meno hayo yalishawahi kung'olewa. Mwaka 1972, kwa sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na shughuli zake zikahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi upya 1984, na Katiba nayo ikawekewa Ibara ya 145 na 146 zinazosema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nataja historia hii kwa sababu moja: muhtasari unaofunuliwa ukurasa kwa ukurasa ndio ushahidi pekee kwamba madaraka hayo yalitumika siku fulani, na watu fulani, kuamua jambo fulani.

Vitenzi

Kabrasha la kikao lina lugha yake, na lugha hiyo inabebwa na vitenzi. Taarifa "ikipokelewa", maana yake wameisikia, haimfungi mtu. "Ikijadiliwa", wamesema waliyosema. Baraza "likishauri", mkurugenzi anaweza kuzingatia au asizingatie, na hakuna atakayemuuliza kwa ukali. "Likiagiza" au "kuazimia", jambo linaandikwa na kuingia kwenye jedwali la yatokanayo, na kikao kijacho lazima mtu asimame aeleze limefikia wapi. "Kuridhia" na "kupitisha" ni vya bajeti, sheria ndogo na mambo ya namna hiyo, yanayohitaji idhini ya baraza. "Kuthibitisha" ni kwa muhtasari: tukishakubali kwamba hivi ndivyo tulivyosema, basi ndivyo tulivyosema, hata kama sivyo.

Sasa rudi kwa mama yule na ukurasa wake wa tisa. Kati ya "lilishauri" na "liliagiza" kuna zahanati nzima. Angenyamaza sekunde tano tu, muhtasari ungethibitishwa, na boma la zahanati ya kata yake lingehama kutoka kwenye orodha ya mambo yanayodaiwa majibu kwenda kwenye orodha ya mambo yaliyowahi kuzungumzwa. Sidhani kama mwandishi alikusudia ubaya. Anayeandika muhtasari wa kikao kinachochukua saa sita huchoka kama sisi, na "shauri" ni neno la adabu, linakuja lenyewe mkononi.

Boma lenyewe ni lile unalolijua: kuta zimefika lenta kwa nguvu za wananchi, tofali zimechomwa kijijini, mchanga umesombwa na akina mama kwa ndoo, kisha kazi ikasimama kwa kukosa bati, nondo na fundi wa kulipwa. Ni desturi ya huku kwamba wananchi wanaanza na serikali inamalizia. Ombi la kumalizia halikuzaliwa ukumbini. Lilianzia mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana sauti. Likaenda kamati ya maendeleo ya kata, ambayo wengi tunaiita WDC, anayoiongoza diwani mwenyewe. Likafika halmashauri, likapita kamati inayoshughulika na afya (kwa halmashauri ya wilaya ni ile ya Elimu, Afya na Maji), kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, inayokutana kila mwezi na kuongozwa na mwenyekiti wa halmashauri. Baraza ndilo kituo cha mwisho. Ndiyo maana mtu akiketi barazani mara moja anaweza kudhani ni mchezo wa kuigiza: hoja imetolewa, imeungwa mkono, wanaoafiki waseme ndiyo, ndiyoo, inayofuata. Ubishi ulikwishamalizika kwenye chumba kidogo wiki mbili zilizopita, na huko mwananchi haalikwi.

Na hata ukishaagizwa, mradi hauanzi kesho. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Agizo la boma lilitolewa kikao cha Agosti, wakati bajeti ya mwaka ilikwishapitishwa. Kumega fedha katikati ya mwaka kunahitaji kuhamisha kutoka fungu jingine, na kila fungu lina mwenyewe anayelilinda. Njia ya kawaida ni kusubiri makisio ya mwaka unaofuata, ambayo wataalamu huanza kuyaandaa mwishoni mwa mwaka ili baraza liyapitishe mwanzoni mwa mwaka mpya. Kikao chetu kilikuwa Novemba. Mama yule alisahihisha kitenzi wakati makisio yanaanza kuandikwa. Angengoja Februari, angekuta meza imekwishaandaliwa na sahani yake haipo.

Kwa hiyo ukisoma kwenye jedwali la yatokanayo maneno "utekelezaji unaendelea", usikimbilie kucheka. Mara nyingine ni kweli: fedha zinasubiri Julai. Mara nyingine ni pazia. Njia ya kutofautisha ni kutazama kabrasha la robo iliyotangulia, safu hiyo hiyo. Kama maneno hayajabadilika kwa vikao vitatu, hata nukta, hakuna kinachoendelea.

Kuna mahali ambapo mwananchi hutolewa nje. Mwenyekiti akisema baraza linajigeuza kuwa kamati, chukua mkoba wako. Ni mambo ya nidhamu ya watumishi mara nyingi. Mkirudi mtaambiwa fulani kafukuzwa kazi au kapewa onyo, basi.

Pongezi

Nimezisema pongezi kwa kejeli kidogo, lakini sizidharau. Zina ngazi zake, na baadhi ni nzito kuliko zinavyoonekana.

Nyepesi kabisa ni za kujipongeza. Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali akitoa ripoti, halmashauri iliyopata hati safi hufanya sherehe. Hati ziko za aina nne, na hii ndiyo bora, kwa hiyo furaha ina msingi. Lakini hati safi inasema jambo moja: kwamba hesabu zilizofungwa zinaonyesha kwa uaminifu kilichotokea, kwa kufuata viwango. Haisemi fedha zilitumika kwa busara. Halmashauri inaweza kujenga choo cha bei ya nyumba, ikaandika risiti zote sawasawa, ikapata hati safi. Ya choo utayakuta mbele, kwenye hoja za ukaguzi, ambazo hujadiliwa kwenye kikao maalum. Kikao hicho ndicho cha kuhudhuria, kwani huko hakuna vitenge.

Kisha zipo za shule. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kitaifa mwaka 2023, likiona haina tija, lakini halmashauri hazijaacha kutunza za kwao. Mwalimu wa shule ya pembezoni anaitwa mbele, anapewa bahasha na cheti. Nimemwona mmoja akirudi kwenye kiti akakikunja cheti polepole kwenye bahasha ya kaki, akiangalia kisipate mkunjo. Mwalimu huyo atakuwa anatembea nacho miaka.

Ya kuchekesha ni mfano wa hundi. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya upotevu na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Siku ya kuikabidhi, kikundi hupewa hundi ya ubao, pana kama mlango, wakapiga nayo picha. Kisha inabidi irudi nyumbani. Nimeshuhudia ikipandishwa bodaboda, imeshikwa na abiria kama tanga la ngalawa, upepo wa mlimani ukiisukuma pikipiki pembeni.

Na ipo pongezi ambayo huniudhi. Mikoa yetu husifiwa kwa kulisha taifa, na ni kweli tunalima: mahindi, viazi, mpunga, maharage. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe nusu. Taarifa ya lishe huletwa barazani kila robo. Husomwa. "Imepokelewa." Halafu anaitwa mkulima bora na makofi yanaanza.

Sasa kwa bibi. Siku ile ya ukurasa wa tisa, wa mwisho kuitwa mbele alikuwa bibi wa kijiji kile kile cha zahanati. Ndiye aliyetoa kiwanja. Sehemu ya shamba lake la migomba, karibu na njia, alisema wajenge hapo. Alivaa sweta ya kijani juu ya kitenge na raba nyeupe, akashikwa mkono na diwani wake hadi mbele. Mwenyekiti alisimama, akamwita mama yetu, akamkabidhi cheti. Bibi akainama kidogo, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akataka kurudi, wakamgeuza ili apigwe picha. Ukumbi ukampigia vigelegele vya kweli.

Mzee jirani yangu alikuwa ameamka. Akaninong'oneza, "Kijana, na wanawe walisaini?"

Nilimtazama. Aliyesinzia muhtasari mzima ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote.

Cheti cha shukrani hakihamishi ardhi. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo mengi yake. Mtu anapotoa sehemu ya shamba la familia kwa ajili ya huduma ya umma, panatakiwa maandishi: kiwanja kinaanzia wapi kinaishia wapi, nani ametoa, wanafamilia gani wameridhia, mashahidi ni nani, kijiji kimepokea kwenye kikao cha tarehe ipi. Yasipokuwepo, bibi akiondoka duniani, mjukuu aliyekulia mjini anaweza kurudi na kudai migomba yake, na kwa haki anayoiamini kabisa. Huku kwetu kuna shule zinazoishi na mgogoro wa aina hiyo, uwanja wa mpira umekatwa na uzio wa mabanzi. Kila mtu anakumbuka makofi aliyopigiwa mtoaji. Karatasi ndiyo haionekani.

Wakati wa chai nilimtafuta mtendaji wa kata nikamuuliza. Alikuwa na andazi mkononi. Akasema muhtasari wa kijiji upo, na mtoto mkubwa wa bibi alisaini. Wa pili yuko Makambako, hajafika. "Nitamfuata," akasema. Nikamwambia mzee. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni kukubali au kukataa.

Kama unataka kwenda kujionea, tarehe ya kikao hubandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri na ofisi za kata, ingawa mara nyingi njia ya haraka ni kumpigia diwani wako, ambaye namba yake kijijini wanayo wote. Kikao cha robo kwa kawaida huchukua siku mbili: ya kwanza madiwani wanasoma taarifa za kata zao, ya pili kamati zinaleta zao. Wanaotaka kuelewa hali ya wilaya waende ya kwanza, maana huko utasikia idadi ya madawati na matundu ya vyoo kata kwa kata, bila maua. Beba sweta. Kumbi zetu ni baridi, na dirisha la nyuma huwa halifungi.

Nilirudi Februari, kwenye kikao cha bajeti. Kabrasha lilikuwa nene mara tatu ya lile la Novemba. Hapakuwa na mgeni wa kupewa cheti, na viti vya plastiki tulikaa wanne. Mzee hakuja. Ukurasa wa thelathini na kitu, kwenye miradi ya maendeleo kwa mapato ya ndani, kulikuwa na mstari mmoja: ukamilishaji wa boma la zahanati, jina la kijiji, na tarakimu upande wa kulia. Nilimtazama mama wa milimani. Alikuwa ameinama, akauwekea mstari ule alama kwa kalamu ya risasi, akaendelea kusoma.

"Ukurasa unaofuata?" akauliza mwenyekiti.

Hakunyoosha mkono.